Mjomba anasema dereva wa otomatiki si dereva

Shikamoo mzee,

Nina miaka 24 na tangu utotoni nimetaka kuendesha malori makubwa ya masafa marefu. Leseni ya gari dogo ninayo, niliipata kwa gari la gia za mkono. Sasa nimeweka akiba ya kutosha kwenda kujifunza lori, na nimekwama mahali ambapo sikutegemea kukwama.

Kuna vyuo viwili ninavyoweza kuvifikia. Cha kwanza kina malori mapya ya otomatiki, kozi yake ni fupi, na wanafunzi wanatoka pale wakiwa na uhakika wa mtihani. Cha pili kina lori la zamani la gia za mkono, lile ambalo gia haiingii mpaka ukanyage klachi mara mbili. Nilikwenda kutazama mafunzo yao. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani alisaga gia hadi watu waliokuwa nje ya uzio wakageuka kumwangalia. Sikufichi, niliingiwa na woga.

Mjomba wangu ameendesha malori maisha yake yote, na ndiye aliyenitia hamu ya kazi hii. Anasema dereva wa otomatiki si dereva, ni abiria aliyeshika usukani. Rafiki yangu ambaye tayari ameajiriwa anasema kampuni yao haina hata lori moja la gia za mkono, na kwamba nataka kujitesa kwa kitu kinachokufa. Kisha wapo wanaoniambia waziwazi kwamba klachi ya lori si ya mguu wa mwanamke.

Nataka niwe dereva kamili, na pia nataka nianze kazi mapema. Nianze na kipi?

Binti wa Usukani

*

Marahaba, binti yangu.

Jibu kwanza, maelezo baadaye: nenda chuo cha pili. Jifunze gia za mkono, ufanyie mtihani humo, halafu kazi ya kwanza ikija na lori la otomatiki, ipokee bila kusita. Lakini sababu yangu si ile ya mjomba wako, na naomba uielewe vizuri, maana utakutana na watu wengi wa kukuyumbisha kwenye jambo hili.

Sababu ya kwanza ni leseni yenyewe. Nchi nyingi huandika kwenye leseni aina ya gari ulilofanyia mtihani. Marekani, mtu akifanya mtihani wa leseni ya biashara kwa lori lisilo na klachi, leseni yake huwekewa herufi E, maana yake haruhusiwi kuendesha lori la biashara la gia za mkono. Kuiondoa ni lazima arudi kufanya mtihani wa barabarani upya kwa lori la gia za mkono. Uingereza nako kuna alama ya namba 78 inayomfungia dereva kwenye otomatiki tu, ila kwa malori wamelegeza: aliye na leseni ya gari dogo la gia za mkono anaweza kufanya mtihani wa lori kwa otomatiki na bado akaruhusiwa kuendesha yote mawili. Unaona hapo namna sheria inavyoweza kubadili hesabu yako yote. Wewe tayari una leseni ya gia za mkono ya gari dogo. Kwa hiyo kabla hujalipa ada popote, nenda kwenye ofisi inayotoa leseni uulize swali moja tu: nikifanya mtihani wa lori kwa otomatiki, leseni yangu itafungwa? Usiulize chuo, kwa sababu chuo kinauza kozi. Uliza wanaoichapa leseni.

Wakikujibu kwamba itafungwa, mjadala umekwisha. Aliyefaulu kwa gia za mkono anaruhusiwa kuendesha na otomatiki, ila aliyefaulu kwa otomatiki hana ruhusa ya upande wa pili. Dereva mgeni hachagui mwajiri, mwajiri ndiye anayemchagua. Mwenye lori moja la zamani anayehitaji mtu wa kushika zamu kesho, mkandarasi wa ujenzi mwenye malori ya mchanga, kampuni yenye mchanganyiko wa malori mapya na makuukuu, wote hao wataangalia leseni yako kabla hawajakuangalia usoni. Mlango usijifungie mwenyewe kwa sababu ya wiki chache za mafunzo.

Rafiki yako hakudanganyi anaposema otomatiki zimeenea. Volvo walitoa I-Shift, giaboksi yao ya otomatiki yenye gia 12, mwaka 2001, Scania walikuwa wameshatangulia na Opticruise miaka ya 1990, na leo malori mengi mapya ya masafa marefu huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini yanatoka kiwandani bila kanyagio la klachi. Kampuni zimeyapenda kwa sababu za hesabu. Dereva wa kawaida kwenye otomatiki anatumia mafuta karibu sawa na dereva hodari, klachi haichomwi ovyo, na mgeni anafunzwa haraka. Kwa dereva pia kuna nafuu ya kweli. Kwenye foleni ya mji mguu wa kushoto unapumzika, na macho yanabaki barabarani na kwenye vioo vya pembeni wakati ambapo mwenzako anahangaika kutafuta gia. Kwa mtu anayevuta tela kwa mara ya kwanza, anayejifunza kupima kona na urefu wa mkia wake, nafuu hiyo si ndogo. Sitakubali mtu akuambie kwamba ni uvivu.

Ila kuna jambo ambalo wageni wengi hawaelezwi. Otomatiki ya lori kubwa, katika malori mengi, si otomatiki kama ya gari dogo ulilozoea kuliona. Ndani yake kuna giaboksi ileile ya gia za mkono na klachi ileile ya sahani kavu. Kilichobadilika ni kwamba kompyuta ndiyo inayoamua, na upepo au umeme ndio unaosukuma klachi na kuhamisha gia. Zipo pia otomatiki kamili zinazotumia mafuta ya giaboksi kuhamisha nguvu, kama zile za Allison, ambazo utazikuta sana kwenye magari ya zimamoto, ya taka na mabasi ya mjini. Tofauti hii ina maana kubwa unapokuwa kwenye usukani. Ile ya mafuta inavumilia kusukumana polepole siku nzima. Ile ya klachi kavu haivumilii.

Chukua mfano huu. Umesimama kwenye mlima, foleni inasogea kidogo kidogo, na umelizuia lori lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki. Mtu anayedhani hana klachi anaona hakuna ubaya. Kumbe chini yake klachi ipo, nusu imeshika na nusu inateleza, inapata moto. Baada ya muda onyo linawaka kwenye dashibodi, harufu inaingia ndani, na malori mengine yanakataa kuondoka mpaka klachi ipoe. Ndivyo inavyokuwa unaporudi rivasi kuingia kwenye ghala sentimita kwa sentimita. Aliyejifunza klachi kwa mguu wake anajua nini kinatokea chini pale hata kama kanyagio halipo. Atashika breki, ataweka lori kwenye hali ya mwendo wa kunyata kama lori lake linayo, ataachia nafasi mbele kisha asogee mara moja badala ya mara kumi. Hii ndiyo sababu yangu ya pili ya kukupeleka chuo cha pili: gia za mkono zinakufundisha hata otomatiki.

Sasa tuje kwenye ile sauti iliyokutisha. Lori ulilolisikia lina giaboksi isiyo na sinkronaiza, yaani hakuna kifaa ndani cha kusawazisha mizunguko ya gia mbili kabla hazijakutana. Kazi hiyo ni yako. Unapopanda gia, unakanyaga klachi, unaweka frii, unaachia klachi, unasubiri mizunguko ya injini ishuke, unakanyaga tena, unaingiza. Unapopangua gia, ukiwa frii na klachi umeiachia, unagusa mafuta mizunguko ipande, ndipo unakanyaga na kuingiza. Ukiwahi au ukichelewa, meno yanagongana na kelele inatoka. Gia ikikataa, usiilazimishe kwa nguvu za mkono. Irudishe frii, sawazisha mizunguko, jaribu tena. Kila dereva wa lori hilo alisaga gia mwanzoni, na yule kijana uliyemwona huenda sasa hivi anapanga gia kimyakimya.

Kuna kosa moja ambalo nataka uende chuoni ukiwa umeshalijua. Katika malori mengi ya aina hiyo, kanyagio la klachi likifika chini kabisa linabana breki ndogo ya klachi. Kazi yake ni kuusimamisha mhimili wa giaboksi ukiwa umesimama, ili gia ya kwanza au rivasi iingie bila kelele. Lori likiwa linatembea hutakiwi kufika huko chini. Anayekanyaga mpaka sakafuni kila anapobadili gia anaiharibu breki hiyo, na gia zinazidi kumkatalia kwa sababu mhimili umepunguzwa mwendo kwa nguvu. Unakanyaga safari fupi tu, mpaka klachi iachie, basi.

Na hapo ndipo jibu la wale wanaozungumzia mguu wako lilipo. Lori likishatembea, kanyagio hulisukumi hadi mwisho. Nguvu inayohitajika ni ya kawaida, na kiti kinasogezwa. Kirekebishe mpaka uweze kufikisha klachi chini goti lako likiwa bado limekunjika kidogo, mgongo ukiwa umeegemea. Anayelalamikia ugumu wa klachi mara nyingi amekaa mbali, anasukuma kwa ncha ya kidole. Kupanga gia ni sikio na subira, na sijawahi kuona vitu hivyo vikigawiwa kwa wanaume peke yao. Wanaokukatisha tamaa kwa hilo, waachie maneno yao.

Mahali ambapo ningependa ukae na kufikiri zaidi ya pote ni kwenye mteremko. Huko ndiko madereva wanakofia, na huko ubishi wa otomatiki na gia za mkono unaanza kuonekana mdogo.

Lori lenye mzigo likianza kushuka, breki za magurudumu peke yake haziwezi kulishikilia kwa mteremko mrefu. Ukizikanyaga mfululizo zinapata moto, ngoma inatanuka na kusogea mbali na bitana zake, msuguano unapungua, na unafika mahali unakanyaga na lori halipungui mwendo. Kinachotakiwa kulishikilia ni injini, ikisaidiwa na breki ya injini au ritada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu) kama ipo, ndani ya gia ya chini. Gia hiyo inachaguliwa juu, kabla hujaanza kushuka. Kanuni ya wazee ilikuwa kwamba ushuke na gia uliyopandia. Kwa malori ya zamani ilitosha. Malori ya sasa yana msuguano mdogo ndani ya injini na umbo linalopasua hewa kwa urahisi, kwa hiyo mara nyingi yanahitaji gia ya chini zaidi ya ile ya kupandia. Mwulize mjomba, najua atakuwa ameliona hilo kwa macho yake.

Kwenye gia za mkono, hatari ni kutaka kupangua gia lori likiwa limeshakimbia. Mizunguko haitalingana tena. Unatoa gia, unakuta ya chini haiingii na ile ya juu nayo haikubali kurudi, na sasa uko frii na tani 40 nyuma yako, injini haishiki chochote. Ndiyo maana nasema gia ni uamuzi wa juu ya mlima.

Kwenye otomatiki hatari ni nyingine. Kompyuta inaangalia mwendo, mzigo inaouhisi na mguu wako ulivyo. Ukiachia mafuta juu ya mlima inaweza kudhani unataka kupumzika, ikabaki gia ya juu, au mizunguko ikipanda sana ikapandisha gia kuilinda injini, wakati wewe ndio unahitaji injini ivute nyuma. Malori mapya mengine husoma ramani ya milima na kujipanga mapema, na yanafanya vizuri. Bado, wewe ndiye unayeona lori lililokwama kwenye kona iliyoko mbele, wewe ndiye unayejua kwamba barabara imelowa. Kwa hiyo otomatiki yoyote utakayopewa, siku ya kwanza kabisa tafuta mahali pa kuiweka kwenye hali ya mkono, ujue kuifungia gia uitakayo, na ujue mkono wa breki ya injini una hatua ngapi. Juu ya mteremko punguza mwendo, funga gia, washa breki ya injini. Lori likifikia mwendo wako wa usalama, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka lipungue kama kilomita 8 kwa saa, achia kabisa, liache lipande tena hadi mwendo ule, rudia. Barabara ikiteleza, kuwa mwangalifu na breki ya injini, hasa tela likiwa tupu, kwani magurudumu ya kuvuta yanaweza kuteleza.

Usipite kamwe kwenye mteremko ukiwa frii, kwa lori la aina yoyote, hata mtu akikuambia inaokoa mafuta.

Kwenye matope na mchanga otomatiki nayo inahitaji kuongozwa. Lori linasonga kwa kasi yake kidogo, kompyuta inaona injini inazidiwa, inaamua kubadili gia, na katika ule muda mfupi wa klachi kuachia, msukumo unakufa na umezama. Weka hali ya mkono, chagua gia itakayokuvusha mpaka upande wa pili, funga loki ya difu (inayofanya magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja) mapema ukiwa kwenye mwendo mdogo, na ukishavuka ifungue. Jambo jingine dogo: otomatiki nyingi zinategemea upepo uleule wa breki. Upepo ukivuja hadi ukashuka mno, gia hazibadiliki, na hakuna ujanja wa mguu utakaokusaidia. Kwa hiyo kipimo cha upepo kiangalie kila asubuhi, na ukisikia sauti ya kuvuja usiipuuze.

Mjomba wako mheshimu, na mtumie. Ana kitu ambacho chuo hakitakupa: sikio la injini na kumbukumbu za milima. Omba akuchukue ukae kiti cha pembeni, umwangalie mkono na mguu, umwulize kila anapobadili gia kwa nini amebadili pale na si mbele kidogo. Ila kwenye kauli yake ya abiria simuungi mkono. Anayeshusha mzigo mlima mrefu kwa otomatiki bila breki kupata moto ni dereva, na anayepanga gia kwa ufundi kisha akafukuza mwendo kwenye kona si dereva wa kumwachia mzigo wangu.

Vipi kama ofisi ya leseni itakuambia leseni yako haitafungwa, na kozi ya chuo cha pili ikawa nje ya akiba yako? Basi soma otomatiki, uanze kazi, sitakulaumu. Lakini tenga fedha kutoka mishahara yako ya mwanzo ulipie masomo ya pembeni ya gia za mkono. Kuruhusiwa na sheria si sawa na kuweza, na mwajiri akikukabidhi lori la gia za mkono wakati hujalishika tangu mtihani wa gari dogo, mwambie ukweli uombe mtu wa kukusimamia kwanza.

Ukienda chuo cha pili, usijiandikishe kabla hujauliza maswali haya. Kila mwanafunzi anashika usukani kwa saa ngapi yeye mwenyewe, bila kuhesabu saa za kukaa nyuma akitazama wenzake? Lori la mafunzo hubebeshwa mzigo, au mnajifunza kwa tela tupu siku zote? Mnapelekwa kwenye mlima na mteremko wa kweli, au mnazunguka uwanjani? Mwalimu anaeleza gia kabla ya mteremko, au anasubiri mwanafunzi akosee? Chuo kisichokuwa na majibu ya maswali hayo hakikufai hata kama lori lake ni la gia za mkono, na hapo ningekuambia utafute cha tatu. Wakikujibu vizuri, lipa, na mwombe mwalimu wiki ya kwanza akuache upange gia uwanjani, gia ya chini hadi ya juu na kurudi, kabla hajakutoa barabarani. Niandikie ukishapata jibu la ofisi ya leseni, nataka kujua walichokuambia.